Kaswende kwenye mji wa soko: watu kumi, mistari tisa, na mtuhumiwa asiyekuwamo

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mji wenyewe haupo kwenye ramani, ila aliyewahi kupita barabara ya Gairo kwenda Dodoma atauona machoni: soko la mahindi upande mmoja, gesti na baa upande wa pili, na malori yaliyopumzika kabla ya kuendelea Manyoni, Singida, Nzega hadi mpakani Rusumo. Watu waliomo ni wa kubuni. Ugonjwa, vipimo, dozi na muda wa maambukizi ni vya kweli, na hesabu zake anaweza kuzirudia yeyote mwenye kalamu.

Kilichoonekana kwanza

Mwanzoni mwa Septemba, mke wa mpagazi wa sokoni, miaka 22, alikuja kituo cha afya kwa hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito. Kipimo cha haraka cha kaswende kikasoma chanya. Hana kidonda, hana vipele, na ndani ya mwaka mzima hakukutana na mwanaume mwingine zaidi ya mumewe. Mwisho wa mwezi huohuo binti wa miaka 19, naye mjamzito, akasoma chanya. Mwenza wake ni mmoja tu, dereva wa bodaboda. Wiki ya kwanza ya Oktoba akaja mkulima wa kijiji cha kilomita 30 kutoka sokoni, ana kidonda kimoja uumeni, kingo zake ngumu, hakiumi hata kikiguswa. Alikuwa ameshapaka krimu ya duka la dawa kwa wiki nzima.

Kwa kituo kinachoweza kumaliza miezi bila chanya hata moja, hao watatu ni wengi. Uongozi wa mtaa ukaja na jibu siku hiyohiyo: wapimwe wahudumu wa baa, na aanze mmoja anayejulikana kwa kila mtu. Kuhusu idadi hawakukosea. Mhudumu huyo alikuwa amekutana na wanaume tisa ndani ya miezi sita, wengi wao madereva wa malori. Lakini kipimo chake kilisoma hasi, na kiliporudiwa baada ya siku 90 kilisoma hasi tena. Anatumia kondomu karibu kila mara, anapima kila miezi mitatu, na katika tisa wale hayumo hata mmoja aliyetajwa na wagonjwa wa kituo. Kama kazi yote ingeelekezwa baa, ingetumia vipimo vya watu wengi bila kumgusa hata mmoja wa waliokuwa wanaambukizana. Na wahudumu wale, ambao ndio wateja wazuri wa kliniki, wangeacha kuja.

Mahojiano

Swali "una wapenzi wangapi?" halifai. Mume au mke hahesabiwi kuwa mpenzi. Aliyekutana naye mara moja tu hahesabiwi kabisa. Na wa zamani aliyepita juzi usiku anabaki kuwa wa zamani. Kinachofanya kazi ni kurudi nyuma hatua kwa hatua: mara ya mwisho ulikutana kimwili na nani? Kabla ya huyo? Kabla ya huyo tena? Kwa kila jina andika mambo manne: mara ya kwanza, mara ya mwisho, kama kondomu ilitumika, na kama bado wanaonana.

Tarehe watu hawazikumbuki, lakini msimu wanaukumbuka. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya soko kufunguka, kabla au baada ya Sabasaba, wiki ya Nanenane kule Nzuguni, Dodoma, au shule zilipofungwa. Asiyejua jina la mwenza mara nyingi anajua mahali: gesti gani, mgahawa gani, kilabu gani. Mahali pia panaandikwa. Mahojiano ya kwanza yaende taratibu, ndani ya chumba chenye mlango unaofungwa, na mgonjwa aitwe tena baada ya siku chache, maana majina mengine huja safari ya pili, akishaona kwamba yale ya mwanzo hayakuvuja.

Unarudi nyuma kiasi gani? Inategemea hatua ya ugonjwa. Kaswende huatamia siku 10 hadi 90, wastani wiki tatu. Mwenye kidonda anaulizwa wenza wa miezi mitatu ukiongeza muda ambao kidonda kimekuwapo. Mwenye vipele vya hatua ya pili, miezi sita ukiongeza muda wa vipele. Asiye na dalili ila kipimo ni chanya, mwaka mmoja. Kosa la kawaida ni kumuuliza kila mtu "miezi mitatu iliyopita". Kwa mtu aliye kwenye hatua ya bodaboda wa kisa hiki kosa hilo linaweza kula nusu ya mchoro wa nani alikutana na nani, kwa sababu alipopatikana katikati ya Oktoba alikuwa na vipele viganjani na nyayoni, akiamini ni mzio wa glavu za pikipiki. Kidonda chake kilitokea mwisho wa Julai, kikapona chenyewe, naye akahesabu kuwa amepona.

Mchoro

Baada ya wiki tatu za kufuatilia, picha ilikuwa hivi. Mke wa mpagazi ameunganishwa na mpagazi. Mpagazi ana mke wake na mama ntilie wa sokoni. Mama ntilie ana watatu: mpagazi, bodaboda, na mnunuzi wa mahindi kutoka Dar es Salaam anayekuja Juni na kuondoka msimu ukiisha. Mnunuzi ana mke Dar. Bodaboda naye ana watatu: mama ntilie, yule binti wa miaka 19, na mwanamke anayeuza komoni, pombe ya kienyeji, kilabuni. Muuza komoni ana bodaboda na mkulima. Mkulima ana muuza komoni na mke wake kijijini.

Watu kumi, mistari tisa, kila mstari ukiwa uhusiano mmoja. Hakuna aliyezidi wenza watatu. Wanne wana mwenza mmoja tu: wake watatu na binti. Na hakuna duara. Ukitoka kwa mtu yeyote kwenda kwa mwingine, njia ni moja tu.

Umbo hili si la ajabu. Kisiwani Likoma, kisiwa cha Malawi katika Ziwa Nyasa, watafiti waliowahoji vijana wa vijiji kadhaa na kuunganisha majina waliyotaja walikuta karibu nusu ya walioanza mahusiano wameungana katika mtandao mmoja mkubwa, ingawa wengi wao walikuwa na wenza wachache tu. Hilo ndilo gumu kumweleza mtu mwaminifu anayepimwa na kukutwa chanya: hatari yake haiko kwenye hesabu yake mwenyewe, iko kwenye hesabu ya mwenza wa mwenza wake, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hesabu inaonyesha vizuri. Jumlisha wenza wa watu wote kumi: 1+2+3+2+1+3+1+2+2+1 = 18. Wastani ni 1.8 kwa mtu. Sasa uliza swali tofauti: mwenza wa mtu, kwa wastani, ana wenza wangapi? Hapa kila mtu anahesabiwa mara nyingi kadiri ya mistari yake, kwa hiyo unajumlisha namba zilezile zikiwa zimezidishwa zenyewe kwa zenyewe: 1+4+9+4+1+9+1+4+4+1 = 38. Gawa kwa 18, unapata takriban 2.1. Mwenza wako kwa wastani ana wenza wengi kuliko watu kwa ujumla, na ugonjwa husafiri kwa namba hii ya pili, si ile ya kwanza.

Chukua sasa mji mwingine wenye watu kumi na mistari tisa vilevile, ila mmoja anao tisa wote na waliobaki wana mmoja mmoja. Wastani ni uleule, 1.8. Namba ya pili inakuwa (81+9) ÷ 18, yaani 5. Dodoso linalouliza wastani wa wenza lingesema miji hii miwili ni sawa. Mji wa pili ugonjwa hulipuka upesi, lakini mtibu mtu mmoja na kuenea kumekwisha. Wazo la kundi dogo linalobeba ugonjwa mzima, ambalo wanahisabati Hethcote na Yorke walilieleza kwa hesabu za kisonono katika kitabu chao cha mwaka 1984, linaelezea miji ya namna hiyo, na ndilo lililokuwa kichwani mwa uongozi wa mtaa bila wao kujua. Mji wetu wa soko ni wa aina ya kwanza. Hauna kitovu cha kukamata. Una mnyororo, na mnyororo mwembamba usio na duara una udhaifu wake: ukate popote, unagawanyika vipande. Mtoe bodaboda peke yake na vinabaki vipande vitatu: mama ntilie na watu wanne wa upande wake, binti peke yake, halafu kilabu na kijiji.

Ndiyo maana, gari likiwa moja na mfuatiliaji mmoja, wa kwanza kutafutwa ni bodaboda. Ana dalili za hatua inayoambukiza, ana watatu ambao bado anaonana nao, na ng'ambo yake kuna mimba.

Saa ya ugonjwa

Mchoro bila tarehe hudanganya. Muuza komoni na mkulima walikuwa pamoja tangu Machi. Wakati huo mkulima tayari ana wenza wawili, na hatari ya kaswende kutoka upande huo ilikuwa sifuri, kwa sababu muuza komoni hakuwa ameunganishwa na sokoni. Bodaboda alianza naye wiki ya Nanenane, alipombeba yeye na ndoo zake kwenda na kurudi Nzuguni. Kuanzia siku hiyo kijiji cha kilomita 30 kikawa kimeungana na Dar es Salaam kupitia watu watano, na hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Geuza mpangilio. Tuseme bodaboda alikuwa na muuza komoni hadi Juni, wakaachana, ndipo Julai akaanza na mama ntilie. Bado ni wenza watatu, dodoso halitaona tofauti. Lakini ugonjwa haurudi nyuma: alichokipata Julai hawezi kumpa mwanamke aliyeachana naye Juni. Muuza komoni, mkulima na mke wake wangekuwa salama. Kinachotofautisha ni mahusiano kupandana kwa wakati, nyumba ndogo na nyumba kubwa zikiendelea pamoja. Pia muda: kidonda cha kaswende hukaa wiki tatu hadi sita, na mtu mwenye wenza wawili kwa wakati mmoja anaweza kukipeleka pande zote mbili kabla hakijafunga.

Magonjwa mengine yangepita mtandao huuhuu kwa mwendo mwingine. Kisonono kwa wanaume huonyesha usaha ndani ya siku chache, kikawaleta kituoni upesi. Kwa wanawake wengi hakina dalili, kwa hiyo mama ntilie angekibeba kimyakimya.

Mama ntilie ndiye ukurasa wa kusoma mara mbili. Katikati ya Julai alifika kituo hichohicho kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Wakati huo, tukifuata tarehe alizotaja, alikuwa na maambukizi ya mwezi na nusu hivi, na kipimo cha haraka kingekuwa na nafasi kubwa ya kusoma chanya. Hakupimwa, kwa kuwa vipimo vilitengwa kwa wajawazito. Tone la damu na dakika 15 hadi 20, Julai ile, zingempata bodaboda kabla ya binti, kabla ya Nanenane, kabla ya kijiji. Kwa maoni yetu, kama kituo cha mji wa soko kina vipimo vya ziada vichache tu, mahali pake ni dirisha la uzazi wa mpango kuanzia Juni hadi Septemba.

Matibabu na yanapokwama

Kaswende ya hatua za mwanzo hutibiwa kwa benzathini penisilini uniti milioni 2.4, sindano ya msuli, mara moja. Kwa kawaida hugawanywa nusu kila tako kwa sababu dawa ni nyingi na nzito. Ikiwa muda wa maambukizi haujulikani, kama ilivyokuwa kwa mke wa mpagazi siku ya kwanza, dozi hiyo hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu, na pengo kati ya sindano lisizidi siku 14. Mwambie mgonjwa mapema kwamba ndani ya saa 24 anaweza kupata homa, kichwa kuuma na vipele kuzidi. Asiyeambiwa huamini sindano imemdhuru, na hatamleta mwenza.

Benzathini huisha stoo, na hapo ndipo ubunifu mbaya huanza. Kwa asiye mjamzito, doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14 inakubalika. Kwa mjamzito haifai, na erithromaisini au azithromaisini haziaminiki kumtibu mtoto aliye tumboni. Mjamzito anatafutiwa penisilini popote ilipo, hata kama ni kumpeleka hospitali ya wilaya siku hiyohiyo.

Mke wa mkulima alipimwa katikati ya Oktoba, akasoma hasi. Muuguzi aliyekuwa zamu alitaka kumruhusu. Lakini mumewe alikuwa na kidonda kibichi, na waliendelea kukutana hadi wiki iliyotangulia. Kipimo huchelewa; kinaweza kuwa hasi hata wiki kadhaa baada ya kuambukizwa. Mwenza wa mgonjwa wa hatua za mwanzo aliyekutana naye ndani ya siku 90 anatibiwa siku hiyo, kipimo kiseme kisemavyo. Hii ndiyo sindano inayokata mnyororo kweli, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu kitabu cha kumbukumbu kinaonyesha "hasi" na mgonjwa hana dalili.

Kadi ya mwenza, anayopewa mgonjwa ampelekee mwenza ili aje kituoni, ndiyo njia rahisi, na ndiyo inayopotea zaidi. Mke wa mpagazi alipewa kadi, akaiweka chini ya godoro wiki mbili. Si uzembe: mwanamke anayeleta habari ya ugonjwa wa zinaa nyumbani ndiye anayeonekana kuuleta ugonjwa wenyewe. Kabla ya kutoa kadi muulize, peke yake, kama mume huwa anapiga, na kama kuna ndugu wa kukimbilia. Zipo njia tatu: mgonjwa amwambie mwenza mwenyewe, mtoa huduma ampigie mwenza bila kumtaja mgonjwa, au wawekeane ahadi, kwamba mgonjwa ana siku saba, zikipita mtoa huduma atapiga. Kwa mpagazi ilitumika ya tatu. Alifika siku ya tisa, akiwa na kapsuli mfukoni alizonunua sokoni "za kusafisha damu".

Mnunuzi alipigiwa simu kwa ruhusa ya mama ntilie. Usianze na ugonjwa. Hakikisha kwanza unaongea na mwenyewe, kwamba yuko mahali anapoweza kusikiliza, na ujitambulishe kuwa unatoka kituo cha afya. Akiuliza "nani kanitaja?", jibu ni lilelile kila mara: hatutaji, hata wewe hatutakutaja. Alipima Dar, akapeleka picha ya karatasi yenye majibu chanya na tarehe ya sindano. Kuhusu mkewe alisema atamwambia.

Je, mnunuzi ndiye aliyeuleta ugonjwa? Haijulikani, na wala haisaidii kujua. Yeye na mama ntilie wote walikuwa chanya bila dalili. Mstari unaonyesha waliungana, hauonyeshi ugonjwa ulielekea wapi. Wamarekani walilijua hili kwa gharama. Mwaka 1984 mchoro wa wagonjwa 40 wa UKIMWI ulimweka katikati mtu aliyeandikwa kwa herufi O, maana yake anatoka nje ya California. Herufi ikasomwa sifuri, yaani mgonjwa wa kwanza, na mtu huyo, mhudumu wa ndege Gaëtan Dugas, akabebeshwa janga la nchi nzima hadi vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2016 vilipoonyesha virusi vilikuwa New York tangu takriban mwaka 1970. Mchoro wa kituo ni wa kutafuta nani hajatibiwa, ufungiwe kabatini kwa namba badala ya majina, na usionekane kwenye kikao cha mtaa hata ukiombwa kwa heshima.

Wote tisa waliopatikana walishauriwa kupima VVU siku hiyohiyo, kwa hiari yao. Kidonda cha kaswende ni mlango wa VVU, na vijijini Mwanza kati ya 1991 na 1994 kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Ufuatiliaji

Kipimo cha haraka kikishasoma chanya, kwa wengi hubaki chanya maisha yote, hata baada ya kupona. Kukirudia ili kuona kama dawa imefanya kazi ni kupoteza kipimo na kumtisha mtu. Kinachohitajika ni RPR, kipimo cha damu kinachotoa namba ya kiwango cha kingamwili: kutoka 1:32 kushuka hadi 1:8 au chini, yaani mara nne, ni kupona, kupanda mara nne baada ya kushuka ni kuambukizwa upya mpaka ithibitike vingine. Damu ya siku ya matibabu ichukuliwe kabla ya sindano, la sivyo hutakuwa na namba ya kulinganishia. Halafu miezi 6 na 12.

Kwa wajawazito ratiba ni kali zaidi. Sindano ya mwisho iwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua, RPR irudiwe karibu na kujifungua, na kadi ya kliniki iandikwe wazi dozi na tarehe zake, maana binti wa miaka 19 alisema atakwenda kujifungulia kwa mama yake Kondoa, na mkunga wa kule hatakuwa na chochote cha kusoma isipokuwa kadi hiyo. Mtoto wake anakaguliwa siku ya kuzaliwa, na anapewa penisilini ikiwa mama alichelewa kutibiwa au bodaboda alirudi kwake bila kuchoma sindano.